Heri Nyumba Yenye Ufa

Sisi watu wa Gatuanyaga, kule Thika, hatujui kununua nyumba. Tunajua kununua ploti. Bango linasimikwa kando ya barabara, mikonge inang'olewa, vigingi vinapigwa, na dalali anakuonyesha kwa kidole: kutoka kigingi hiki hadi kile, hamsini kwa mia, hatimiliki iko tayari, na mlima Kilimambogo unauona bure. Unalipa. Unachimba msingi. Lori la mawe ya Ndarugu linarudi kinyumenyume mpaka pale utakapokuwa mlango wa jikoni, na baada ya miezi mitano una nyumba yenye mabati ya rangi ya damu ya mzee. Hakuna aliyekuuliza dirisha umeliweka wapi. Hakuna aliyetaka kujua choo kinatazama nani. Ndiyo maana nasema maisha yetu ni ya kusikitisha: tunapata tunachokitaka, tena upesi.

Mimi nilionjeshwa maisha ya daraja la juu. Nilipostaafu, nikiwa na akiba kidogo na ujinga wa kutosha, nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikaingia Lamu kununua nyumba ya kale katika mtaa wa Mkomani. Nimerudi na maarifa mengi, na leo nataka kuisifu nyumba ile, kwa kuwa watu humsingizia mkongwe. Wanasema inavuja. Wanasema ina nyufa. Wanasema ina wenyewe wengi kuliko vyumba, na kwamba huwezi kugusa ukuta bila kibali. Yote ni kweli, na ndizo sifa zake.

Sifa huanza na nasaba. Nyumba yangu ya Gatuanyaga ilizaliwa na lori. Nyumba kongwe za Mkomani nyingi ni za karne ya 18, enzi ambayo mji ulikuwa na fedha na watu wake walikuwa na muda. Mawe yake ni matumbawe, ya aina ile inayokatwa Maweni katika kisiwa cha Manda na kuvushwa kwa chombo. Chokaa yake ni matumbawe hayohayo, yakapangwa juu ya magogo ya mikoko, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yakomae. Dari ni boriti za mikoko. Kwa ufupi, nyumba nzima ni bahari iliyosimamishwa wima, na ndiyo sababu hadi leo haijaacha kutoka jasho la chumvi.

Mkoko nao una nidhamu yake. Wakataji huupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huuhesabu kwa korija, ishirini ishirini. Lakini boriti hairefuki kwa sababu tajiri anataka sebule ya kutamba. Kwa hiyo chumba cha Lamu hakivuki upana wa mita 3 hivi. Anayetaka nafasi zaidi aitafute kwenye urefu. Mwenye majahazi kumi na mwenye jahazi moja, upana ni uleule. Niambie ni nyumba gani nyingine inayokukataza majivuno kabla hujahamia. Nilikuwa nimekwenda na vipimo vya kochi langu, lile la kona, la watu saba, nimeviandika kwenye karatasi. Nikapima chumba mara tatu, mara ya tatu nikivuta utepe kwa hasira. Kochi liliushinda ukuta kwa shibiri mbili. Dalali akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, nyumba hii imeona watu wengi. Makochi haijayazoea."

Tuje kwenye tabia. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Sisi tumeligeuza neno hilo, na fedha zetu zote zinaishia kwenye geti. Nyumba ya Mkomani kwa nje ni ukuta mkavu usiosema kitu. Unafika kwenye daka, kibaraza chenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Hapo ndipo mgeni wa kawaida anapoanzia na kuishia. Ukikaribishwa unaingia tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua usio na paa, kisha msana, ukumbi mrefu, kisha ndani kwenyewe. Kila unapopita kizingiti, sakafu inapanda kidogo, na unatakiwa uwe mtu wa karibu zaidi. Kwangu Gatuanyaga, fundi wa kufunga dishi alifika hadi chumba cha kulala siku ya kwanza, na akakalia kitanda.

Ndani kule, mwisho kabisa, kuna zidaka. Ukuta mzima umepangwa vijidirisha visivyotoboka nje, safu juu ya safu, vimefinyangwa kwa chokaa na kutiwa nakshi, ambamo waungwana walipanga sahani za China zilizokuja na majahazi. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Dalali alidhani nimeguswa. Kwa kweli nilikuwa natafuta pa kuweka televisheni. Nikaja kugundua kwamba zidaka zinatosha kitu chochote ambacho binadamu anaweza kukipenda, mradi kisizidi ukubwa wa sahani.

Sasa ufa. Ulianzia juu ya mlango wa msana, ukapanda kwa kuyumba kama mlevi anayerudi kwake, ukaingia kati ya boriti mbili ukapotelea gizani. Kidole changu cha shahada kiliingia hadi kifundo cha pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hayo tulikaririshwa shuleni. Lakini aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuishi katika mji unaohifadhiwa. Huku, ukiziba ufa bila idhini, unaweza kuamriwa uuzibue.

Maana mji huu una walinzi. Mwaka 1986 mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mwaka 2001 ukaandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2006 ikapitishwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi. Na eneo lenyewe lililoandikwa katika orodha hiyo ni hekta 15.6 tu. Nilizipigia hesabu ya nyumbani: ekari 38 na nusu, ploti nane kwa kila ekari, jumla ni ploti 300 na kidogo. Dalali wa Gatuanyaga angezimaliza kabla ya Krismasi. Wenzetu wamekaa humohumo karne na karne wakibishana juu ya ukubwa wa dirisha.

Ukitaka kuongeza orofa, kibali. Ukitaka kutoboa dirisha, kibali. Ukitaka kuondoa ukuta ili kochi lipite, kibali, tena usitarajie. Na kibali hakiji peke yake. Huja na michoro, michoro huja na mchoraji, na mchoraji huja na kijana wa kumshikia utepe. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliomba kuona kumbukumbu za nyumba ile. Kijana mwenye heshima nyingi aliniambia faili ipo, haina tatizo, ila mwenye ufunguo wa kabati amekwenda harusini. Nikarudi kesho yake. Nikarudi kesho kutwa. Harusi za pwani, ndugu msomaji, si za siku moja.

Hapo unaweza kukasirika, na mimi nilikasirika. Nilipompigia simu fundi wangu wa Gatuanyaga nikamsimulia, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee," akasema, "mimi nipe siku nne na watu sita. Tunaisukuma chini, tunamwaga zege, tunaweka bedsita ishirini." Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa niliona bedsita ishirini kwa macho yangu, zikiwa na mita zake za umeme ukutani.

Aliyenizindua ni mwashi mmoja mzee aliyekuwa amekuja kuniangalizia ule ufa. Pembeni mwa mlango, mwenye nyumba fulani wa zamani aliyekuwa na haraka kama yangu alikuwa amepiga kiraka cha saruji. Kilikuwa kiraka kizuri, laini, hakina hata mkwaruzo. Mwashi akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kama debe. Akaingiza ncha ya mwiko, akapinda mkono, kikadondoka kizima kama sahani. Nyuma yake matumbawe yalikuwa yamekuwa unga mweupe. Nikachukua kidogo nikaonja. Chumvi.

"Saruji ni kitu kizuri," akaniambia, "ila haitoi jasho. Ukuta huu unakunywa maji ya ardhini kila siku, na maji yana chumvi. Ukiupaka chokaa, unapumua. Chumvi inatoka, inaila chokaa, na chokaa unaipaka tena. Ukiuziba kwa saruji, chumvi inakosa njia. Basi inarudi kula jiwe."

Nilirudia maneno yale usiku kucha. Nilikuwa nimeamini kwamba kuna ofisi mahali inayochukia saruji kwa sababu ya ukaidi tu, na kumbe ofisi ni karani. Aliyekataza saruji ni ukuta. Karatasi ya 1986 ilinakili tu sheria ambazo nyumba ilikuwa imezitunga zamani: boriti ndiyo iliyopima chumba, chumvi ndiyo iliyochagua chokaa, na jua ndilo lililokibana kichochoro mpaka gari likakosa njia. Anayegombana na kibali anagombana na tarishi; aliyeandika barua yuko kimya mbele yake, unene wa zaidi ya futi moja na nusu.

Na chokaa yenyewe ni ya kusifiwa kwa uvivu wake. Zege langu lilikauka nikiwa bado nawaandalia mafundi chai. Chokaa hugeuka jiwe tena polepole, kwa kuvuta hewa, na haijali tarehe uliyowaahidi wageni. Boriti nazo zina kalenda yao: mwaka 2018 Serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, mikoko ya Lamu nayo iliingia katika marufuku, na mwenye paa bovu akapata fursa adimu ya kuzitazama nyota akiwa kitandani.

Vifaa vikipatikana, vinakuja kwa punda. Hakuna lori litakalopita vichochoro vile. Mchanga unatiwa kwenye shogi, mgongoni mwa punda, na lori moja ambalo Thika lingemwagwa kwa kuvuta wenzo mmoja huku ni msafara wa asubuhi nzima, wenye mapumziko yasiyoelezeka na mashauriano katika kila kona. Nani atajenga upuuzi ikiwa kila jiwe lake linatembea kwa miguu minne mbele ya majirani wote? Kwetu mtu anaamka anakuta jirani ameota ghorofa usiku. Na usimdharau mchukuzi: punda wa Lamu wana zahanati yao ya bure tangu 1987. Mimi mstaafu bado naifuatilia kadi yangu ya bima.

Nimeacha fadhila iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni warithi. Ploti ya Gatuanyaga ina mwenyewe mmoja, na akikosekana, ina kesi. Nyumba ya Mkomani ina umma. Fikiri bwana mmoja amefariki akaacha mke, wana watatu na mabinti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mke huchukua thumuni; kilichobaki hugawanywa, mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Kila binti anapata sehemu 7 kati ya 64. Binti mmoja naye anafariki, anaacha mume na wana wanne. Mume anachukua robo, wana wanagawana. Kila mmoja wao sasa ana sehemu 21 kati ya 1,024 za nyumba. Hicho ni kizazi cha pili tu, na nyumba ina miaka zaidi ya mia mbili. Kuna mtu Maskati anayemiliki ngazi tatu za mwisho na hajui. Kuna mwingine Toronto mwenye haki katika kidaka kimoja na nusu. Usipopata saini za wote, umenunua mazungumzo. Na omba pasiwe na sehemu iliyowekwa wakfu, kwa sababu wakfu hauuzwi kwa bei yoyote, na aliyeuweka hapatikani kwa simu.

Isitoshe, desturi ya waungwana ilikuwa kumpa binti makao anapoolewa, mara nyingine orofa nzima juu ya wazazi wake. Kwa hiyo chini kunaweza kuwa kwa hawa na juu kwa wale. Na pale nyumba inapopitiliza hewani, ikavuka kichochoro na kuegemea nyumba ya pili, chumba hicho huitwa wikio: bega moja kwenye ukuta wako, bega jingine kwenye ukuta wa jirani, na chini yake njia ya watu wote na punda wao. Kwetu, kwa futi moja ya mpaka, tunapelekana kwa chifu. Wenzetu wamejenga chumba kizima juu ya mpaka wakalala.

Mrithi mmoja alikuwa bado anaishi humo, orofa ya juu, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamuru. Siku ya kwanza nilipiga hodi nikiwa kiwandani. Akaitika kutoka juu: "Ndoo yuu, mwanangu!" Nikaangaza huku na huku nikitafuta ndoo. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, paa lilikuwa linadondoka, na mtu mzima akitaja ndoo katika hali hiyo unamwelewa. Niliikuta moja karibu na birika, nikapanda nayo ngazi. Bibi akaitazama ndoo, akanitazama mimi mtu wa bara, akacheka hadi akashika mlango. Alikuwa ameniambia kwa Kiamu chake nije juu. Lakini hakunirudisha; aliichukua ndoo, akaiweka palipokuwa panadondoka, na tukanywa chai tukisikiliza maji yanavyoingia.

Nikamuuliza kwa heshima kama atauza. Akaniambia habari ya mamake. Nikauliza tena. Akaniambia habari ya nyumba mbili za mtaani zilizouzwa kwa watu wa ng'ambo: zimepakwa chokaa vizuri kuliko zote, milango imepigwa mafuta, na sehemu kubwa ya mwaka zimefungwa. "Hazina ufa," akasema, "wala hazina mtu wa kuitika hodi." Mara ya tatu sikuuliza.

Msidhani naimba sifa za ubovu. Ufa si pambo. Zanzibar, ambako Mji Mkongwe uliingia katika orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2000, kuna Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lilikuwa na hadhi zote ambazo karatasi inaweza kulipa jengo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafa. Orodha haishiki boriti. Boriti inashikwa na mtu anayelala chini yake, akasikia usiku mlio usio wa kawaida, na asubuhi akamwita mwashi. Ndiyo maana namsifu mrithi mkaidi: yeye na ndoo yake ni sehemu ya matengenezo.

Na sisi tulio huru? Gatuanyaga hakuna ukuta uliowahi kutuambia la. Mawe yetu yanakubali lolote, saruji inakubali lolote, na kila mmoja amejenga alivyoota. Mvua kubwa ikija, maji ya paa langu yanaingia kwa jirani, ya jirani yanaingia barabarani, na barabara inaingia kwetu sote. Hapo tunakutana nje na makoleo, tunakumbuka kwamba sisi ni mtaa. Ungekuwepo ukuta mmoja mkali kati yetu, mwenye masharti yake, labda tungekutana mapema.

Nyumba ile sikuinunua. Saini mbili hazijapatikana, na mwenye ufunguo wa kabati, kwa habari nilizonazo, amepata mwaliko mwingine. Lakini wewe unayetaka kwenda kujaribu, pokea ushauri wa aliyetangulia. Usiulize bei siku ya kwanza. Kaa kwenye daka. Hesabu warithi kabla ya vyumba. Gonga kila kiraka, na kikilia kama debe, punguza fedha. Panda juu siku ya mvua, si siku ya jua. Mtafute mwashi wa chokaa kabla ya wakili, kisha mtafute wakili. Kibali omba mapema, na ukinyimwa, waulize sababu. Huenda ukuta ndio uliokataa. Kochi liache nyumbani.

Na kama wewe ni mtu wa kupenda maisha mepesi, nina ploti Gatuanyaga, hamsini kwa mia, hatimiliki iko tayari, mwenyewe ni mmoja na yuko hai. Nauza.